Stima, mayai na "wateja walio jirani"

Mtanisamehe kwa kimya cha karibu mwezi mzima. Wengine mmeniandikia baruapepe mkiuliza kama nimechoka kuandika. La hasha! Ukweli ni kwamba nilikuwa na aibu. Leo nimeamua kuwasimulia kilichotokea, maana ndani ya aibu hiyo kuna somo kuhusu stima ambalo litamfaa yeyote anayeishi mjini, awe hapa kwetu Kakamega, awe Eldoret au Mombasa.

Tuanze mwanzo. Mwaka jana niliandika kijiprogramu. Wazo lilikuwa rahisi. Kila wiki kampuni ya Kenya Power hutoa orodha ya mahali ambapo stima itazimwa kwa makusudi ili mafundi wafanye kazi. Orodha hiyo huonekana magazetini, kwenye tovuti yao na kwenye kurasa zao za mitandao ya kijamii. Lakini ni nani hapa mtaani mwenye muda wa kusoma orodha ya nchi nzima akitafuta jina moja? Kinyozi hana. Mwenye posho mill hana. Nikasema, kazi ya kusoma bila kuchoka ni kazi ya tarakilishi. Programu yangu ingesoma orodha, ingetafuta jina la mtaa wetu, na ikilipata ingetuma arafa kwa majirani waliojiandikisha: siku fulani, kuanzia saa fulani hadi saa fulani, hakuna stima.

Walijiandikisha majirani 23. Mwanzoni kulikuwa na vituko. Orodha huandikwa kwa saa za Kizungu, na mimi nikasahau kuzigeuza. Arafa ikasema stima itazima "saa 9", na mwenye posho mill akajiandaa kwa saa tisa alasiri. Ilipozima saa tatu asubuhi, mahindi ya watu yalikuwa ndani ya mashine, nusu yamesagwa. Tulicheka, nikarekebisha mstari mmoja wa kodi, yakaisha. Mara iliyofuata kila kitu kilitimia kama arafa ilivyosema, na kinyozi akaanza kuniita profesa. Kichwa kikavimba.

Mmoja wa wale 23 ni mama jirani yangu anayefuga kuku. Ana mashine ya kutotolea vifaranga inayobeba mayai 88. Kwa wasiojua, yai la kuku huchukua siku 21 kuanguliwa, na muda wote huo linahitaji joto la nyuzi 37.5 hivi. Stima ikipotea nusu saa, si neno, mashine ina kifuniko na joto halitoroki haraka. Ikipotea mchana kutwa, hapo ni hasara. Akijua stima itazimwa, mama hukodi jenereta ndogo ya fundi mmoja wa kuchomelea vyuma. Kukodi ni pesa, na petroli ni pesa nyingine, kwa hiyo hakodi mpaka awe na hakika. Hakika hiyo alikuwa anaipata kwangu.

Basi Jumanne moja nilikuwa Kisumu kwa mteja. Nikarudi jioni, nikawasha taa, nikachemsha chai. Friji yangu ilikuwa baridi kama kawaida. Saa mbili usiku mama akabisha hodi.

"Mwanangu, mbona leo hukuniambia?"

"Kukuambia nini, mama?"

"Stima imezima tangu saa tatu asubuhi. Imerudi saa kumi na moja."

Nikamwambia haiwezekani, kwangu ilikuwepo, na tena mtaa wetu haukuwa kwenye orodha. Nilisema hivyo kwa kujiamini kabisa, wandugu, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea kuona giza nyumbani kwake! Hakubishana. Alisema tu kwamba mayai yalikuwa na siku 12, kisha akaaga. Siku tisa baadaye vilitoka vifaranga 29. Kwa kawaida huwa anapata zaidi ya 60.

Usiku ule ule nilifungua orodha na kuisoma kwa macho yangu, si kwa programu. Ilikuwepo. Siku ilikuwepo, saa ilikuwepo. Ila hapakuwa na jina la mtaa wetu. Kulikuwa na jina la shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara kuu, soko dogo, kanisa, na mwishoni yale maneno ambayo hufunga karibu kila aya ya orodha hizi: "na wateja walio jirani".

Mama alikuwa mteja jirani. Mimi, niliye hatua kama 150 kutoka mlango wake, sikuwa.

Hapo nikagundua kwamba nimeandika programu kuhusu kitu nisichokijua. Nilijua kusoma PDF. Sikujua stima inavyofika nyumbani. Nikaanza kusoma na kuwauliza mafundi niliowakuta juu ya ngazi na chini ya nguzo. Nitawaeleza kwa kifupi.

Stima husafiri masafa marefu kwenye minara mikubwa ya chuma ikiwa na nguvu ya volti 132,000 au 220,000, na siku hizi hata 400,000. Ikifika kituo kikubwa hupunguzwa, na huingia mijini na vijijini kwenye nguzo ikiwa volti 33,000 au 11,000. Halafu kuna lile pipa la kijivu unaloliona juu ya nguzo karibu na kwako. Hiyo ndiyo transfoma. Inapunguza tena mpaka volti 240 za kwenye soketi yako. Picha yake ni mti: shina, matawi, vijitawi, na nyumba yako ni jani. Katika miji midogo kama wetu, jani moja kwa kawaida hupata maji kupitia kijitawi kimoja tu. Hakuna njia ya pili ya kuzunguka.

Sasa fundi akitaka kubadilisha nguzo iliyooza, kukata mkaratusi unaogusa waya, kusogeza laini kupisha barabara, au kuunganisha wateja wapya, hawezi kuzima nguzo moja peke yake. Anakwenda kwenye swichi iliyo juu ya mahali pa kazi, upande stima inakotokea. Anaifungua na kuifunga kwa kufuli. Anapima kuhakikisha waya umekufa, kisha anauunganisha na ardhi, ili mtu akiwasha kwa makosa moto uende ardhini badala ya kumpitia yeye. Majani yote yaliyo chini ya swichi ile yanakauka, yawe yanahusika na nguzo ile au hapana. Ndiyo maana nguzo moja ya sokoni inaweza kuwatia giza watu wa kilomita tatu. Na hufanywa mchana kwa sababu fundi anahitaji kuona, na kwa sababu jioni ndipo nchi nzima inapotumia stima zaidi.

Kazi hizo haziwezi kuisha. Tangu mpango wa Last Mile uanze mwaka 2015, ada ya kuunganishiwa ikishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 na walengwa wakiwa ni wale walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, mti umeota matawi mengi mapya. Kila tawi jipya nalo linataka kuunganishwa, kupogolewa na kutengenezwa.

Mmeona kosa langu liko wapi? Orodha ile si orodha ya mitaa. Ni orodha ya waya! Notisi hutolewa chini ya Kanuni ya 27 ya Kanuni za Nguvu za Umeme, na anayeiandika anaangalia ramani ya laini: swichi hii ikifunguliwa, ni vitu gani vinavyojulikana viko chini yake? Anaandika shule, soko, kanisa, mnara wa simu. Wengine wote, mimi na wewe, tunaingia kwenye "wateja walio jirani". Lakini jirani kwa waya, si jirani kwa miguu. Mipaka ya mtaa ni mambo ya watu wa bodaboda. Waya hauijui.

Nikajiuliza mbona wazo hili linafanya kazi kwingine. Afrika Kusini, ambako mgawo wa umeme ulianza kuwasumbua watu mwaka 2007 na 2008, kuna programu ya rununu iitwayo EskomSePush, iliyoanza mwaka 2014, ambayo ilitumiwa na mamilioni ya watu. Nilikuwa nimeiga wazo lao bila kuangalia msingi wake. Mgawo wao ulikuwa wa kugawana umeme usiotosha, kwa hiyo mji uligawanywa mapema katika kanda, kila kanda na ratiba yake. Ukijua kanda yako, unajua zamu yako. Sisi pia tumewahi kuonja mgawo wa aina hiyo, mwaka 2000 na tena mwaka 2009, ukame ulipokausha mabwawa ya mto Tana. Lakini kuzimwa kwa ajili ya matengenezo hakuna zamu. Hakuna kanda iliyoandikwa kwenye bili yako. Lazima uijue mwenyewe.

Nikaamua kuijua. Nilivaa gumbuti (mnajua matope yetu) nikazunguka mtaa mzima nikifuata waya kwa macho kutoka nyumba hadi nguzo, kutoka nguzo hadi transfoma. Mbwa wamenifukuza mara mbili. Askari wa lango moja alinihoji kama mwizi wa nyaya. Mwisho nikapata transfoma nne zinazohudumia wale majirani 23. Niliziita kwa majina ya kienyeji: ya kanisani, ya mwembeni, ya kwa mwalimu na ya kioski. Tatu zinatoka kwenye laini moja. Ya mwembeni, ambayo ndiyo ya mama na nyumba nyingine nne, inapata stima kutoka laini iliyovuka barabara kuu. Ndiyo ile ya shule. Kwa hiyo siku ile watu watano walikosa stima na 18 tulikuwa nayo, mtaa ule ule.

Ukitaka kujua ya kwako bila kufukuzwa na mbwa, kuna njia rahisi. Siku stima ikipotea mchana, toka nje usikilize. Posho mill inanguruma? Redio ya kinyozi inaimba? Kama kwao ipo na kwako haipo, hamko kwenye tawi moja. Fanya hivyo mara tatu nne, uandike, na utakuwa na ramani nzuri.

Halafu nikarudi kwenye programu. Mambo matatu yamebadilika.

La kwanza, mtu hajiandikishi tena kwa jina la mtaa. Anajiandikisha kwa transfoma. Kila transfoma ina majina ya shule, masoko na makanisa ambayo huandikwa pamoja nayo.

La pili, kila stima inapozimwa, programu huwauliza majirani: IPO au IMEZIMA? Majibu yao huingia kwenye jedwali, na jedwali linazidi kuwa na akili kila mwezi. Hiyo PDF nayo nimeacha kuiamini kijinga. Imepangwa kwa safu, na PDF haijui sentensi, inajua tu kwamba herufi hii ikae hapa na ile ikae pale. Programu yangu ya kwanza ilikuwa ikisoma kutoka kushoto kwenda kulia na kuchanganya safu mbili, tarehe ya mji mmoja ikiangukia mji mwingine. Sasa inasoma safu moja mpaka mwisho ndipo iende nyingine, na mimi napitia kwa macho kabla arafa hazijatoka.

La tatu ndilo kubwa, na si mimi niliyelifikiria. Nilipokwenda kwa mama kumwomba msamaha nilibeba bahasha ya kulipia mayai. Aliirudisha. Akaniambia, "Pesa yako sitaki. Lakini hiki kitu chako kikinyamaza, mimi nitajuaje kama kinasema hakuna shida, au kinasema hakijui?"

Nilikosa jibu. Miaka yote hii ya kuandika programu, na swali hilo nimeulizwa na mfugaji wa kuku. Kwangu mimi, kutotuma arafa kulikuwa na maana ya "sikupata jina lako". Kwake kulikuwa na maana ya "usikodi jenereta". Kimya changu alikisoma kama ahadi, na hakukosea, maana mimi ndiye niliyemfundisha kukisoma hivyo.

Kwa hiyo sasa programu hainyamazi. Kila wiki, kila mtu anapata arafa moja kati ya tatu. "Itazimwa", jina linalojulikana likiwemo. "Huenda", kama notisi inataja eneo letu la Kakamega kwa majina ambayo hatujawahi kuyaona. Na "Sijaona jina lenu, lakini notisi haitaji kila mtu". Hiyo ya tatu haipendezi. Kinyozi amelalamika kwamba profesa siku hizi hana msimamo. Sawa tu.

Kuna mambo mengine machache nimejifunza, nayaacha hapa kwa faida yenu:

1. Notisi ni ya kazi iliyopangwa tu. Kakamega ni nchi ya radi, mnajua mvua zetu za alasiri zinavyokuja na ngurumo. Radi haitoi notisi. Stima ikipotea nawe hukuiona kwenye orodha, ripoti kwa 97771 au piga *977# kwenye simu yako. Usidhani jirani amesharipoti, huenda yeye ana stima!

2. Ikipotea, chomoa friji, televisheni na tarakilishi. Ikirudi, ngoja dakika chache kabla ya kuchomeka. Mara nyingine hurudi kwa kishindo, au hurudi na kupotea tena papo hapo.

3. Wanaofanya kazi kwa intaneti: kipakatalishi kina betri, ruta haina. Nyingi za ruta hizo hutumia volti 12 tu (soma kibandiko chake), kwa hiyo betri ndogo inaweza kuiwasha saa kadhaa. Na hifadhi kazi yako kabla ya saa tatu, si saa tatu kamili.

4. Hili tafadhali mlishike. Usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Stima yako itatoka nje kupitia mita, itafika kwenye transfoma, na transfoma hufanya kazi pande zote mbili: volti 240 zako zitapanda kuwa 11,000 kwenye waya ambao fundi ameushika. Kama unataka kuwasha nyumba nzima, mwite fundi mwenye leseni aweke swichi ya kubadilishia. Mama wetu yeye huvuta waya wa ekstensheni kutoka jenereta moja kwa moja hadi kwenye mashine ya mayai, jenereta ikiwa nje kwenye hewa. Hiyo ni sawa.

5. Waya ulioanguka uhesabu kuwa uko hai, hata kama notisi inasema umezimwa. Kazi inaweza kuisha mapema.

Wiki mbili zilizopita mama aliweka mayai mengine. Siku ya kumi hivi programu ikamtumia "Huenda". Alinipigia simu.

"Huenda hiyo ni kiasi gani, mwanangu?"

Nikamwambia ukweli: sijui, mama, majina mawili kati ya matano ni mageni kwangu. Akafikiri kidogo, akasema hatakodi jenereta. Asubuhi ile alichemsha maji, akajaza chupa kadhaa na thamosi mbili, akaweka blanketi karibu, akakaa kusubiri. Nami nilikwenda kukaa naye, kipakatalishi mapajani. Saa tatu ikafika. Saa tatu na nusu. Saa nne. Taa ya mashine haikuzimika hata mara moja.

"Sasa hayo maji?" nikamuuliza.

"Maji yana shida gani? Tunapika chai."

Tulikunywa. Kisha nikafungua jedwali, na yale majina mawili mageni nikayaandika pembeni ya transfoma ya mwembeni: HAYAHUSIKI. Mayai yamebakiza siku chache. Yakianguliwa nitawaambia idadi.

Mulembe!